Siku Kumi na Tisa za Utoro

Saa moja asubuhi Spéciose alikuwa amekwisha kudeki vyoo vinne, ngazi mbili na ukumbi wa mapokezi, na bado, kwa hesabu za kampuni, alikuwa hajafika kazini.

Aliyempa habari hiyo ni Arnaud, msimamizi wao, kijana anayevaa viatu vyeupe mahali watu wanapomwaga maji. Alikuja akikanyaga sakafu mbichi kuanzia mlangoni hadi ilipo ndoo, alama za soli zikabaki nyuma yake mstari mzima, naye wala habari hana. Macho yake yalikuwa kwenye tableti.

"Mama Ariane, sikuoni."

"Niko hapa, mwanangu."

"Kwenye apu, nasema. Kwenye apu sikuoni."

Hadi Jumamosi iliyotangulia, watu wa kampuni hiyo ya usafi, iliyopewa kazi ya kusafisha jengo moja la maofisi pale Kacyiru, walikuwa wakitia saini kwenye daftari. Daftari kubwa lenye jalada gumu, na kalamu imefungwa kwa uzi isiibwe. Jumatatu hii daftari likaondolewa. Kila mtu aweke apu kwenye simu yake mwenyewe, aliyoinunua kwa pesa yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe. Akifika aifungue, ajipige picha ya uso, abonyeze "Nimefika". Akitoka, hivyo hivyo. Aliyebonyeza yupo. Asiyebonyeza hayupo, hata kama dekio liko mkononi na jasho linamtiririka.

Na mwisho wa mwezi ndipo kontra zao za kazi zilipokuwa zinakwisha. Mwenye mahudhurio mazuri ataongezewa mwaka mmoja, na mwingine akatafute riziki kwingine. Nyumbani kwa Spéciose mshahara huo ndio uliolipa kodi ya nyumba na kuweka sufuria jikoni. Mumewe alikuwa fundi viatu, na siku hizi watu wanatupa viatu kabla havijatoboka.

"Nipe simu yako," Arnaud alisema.

Spéciose akapangusa mikono kwenye aproni kwanza, kisha akaitoa. Simu nzuri, nyeusi, pana kama kitabu cha sala. Arnaud akabonyeza huku na huku. Yakatoka maneno mekundu.

"Inakataa. Mfumo wa simu hii ni wa zamani."

"Wa zamani? Tumeinunua Krismasi!"

"Si simu, mama. Mfumo. Ule wa ndani, unaoiendesha. Kwani hujui simu yako inatumia mfumo gani?"

"Najua inaita. Ikiita naitika."

Wenzake waliokuwa wakikamua matambara wakacheka, na wengine kati yao walicheka kwa sababu simu zao wenyewe zilikubaliwa dakika tano tu zilizopita, baada ya roho kuwadunda. Arnaud akamrudishia simu akiishika kwa vidole viwili, utadhani kaiokota chooni.

"Wewe fanya kazi tu," akasema. "Tutarekebisha."

Tutarekebisha! Kuna watu wangenyang'anywa neno hilo wangebaki mabubu. Spéciose akauliza, "Na lile daftari? Si nitie saini humo kwanza, wakati mnarekebisha?"

"Daftari limekwisha kazi. Nimeliweka stoo kwako. Lichane, ufutie vioo, karatasi yake ni nzuri."

Akalichana. Afanyeje? Jioni hiyo akafutia vioo vya mlango mkubwa kurasa zenye majina ya wenzake na lake mwenyewe, mwaka mzima wa saini, na vioo vikang'aa kweli.

* * *

Nyumba yao ilikuwa Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, vyumba viwili, na ndege zikitua bati linatetemeka. Spéciose na mumewe Gratien walizaliwa na kukulia Bujumbura, mtaa wa Waswahili wa Buyenzi, kwa hiyo ndani ya nyumba walipendana na kugombana kwa Kiswahili; Kinyarwanda kilikuwa cha nje, cha kanisani na cha ofisi ya kata.

"Ya zamani?" Gratien alisema, na sindano ya viatu ikasimama hewani. "Nani kasema ya zamani? Lete hapa!"

Yeye ndiye aliyeinunua. Alikwenda mwenyewe sokoni Nyabugogo, akaikagua nusu saa nzima. Gratien hakudanganywa na ngozi hata siku moja. Anaiminya, anaikunja, anainusa, anakwambia hii ni plastiki usinichezee. Simu nayo aliikagua hivyo hivyo. Aliipima uzito. Aliwasha tochi, ikamchoma macho. Alifungulia redio, duka la tatu likageuka. Laini mbili, ziko. Betri, siku tatu. Sasa hapo mtu aulize nini tena? Duniani kote watu wanaulizana mambo hayo hayo, na anayekwambia kwamba yeye alinunua simu kwa ajili ya mfumo wake anakudanganya, au hana shida nyingine.

Gratien akaingia kwenye mipangilio, akatafuta, akapata. "Haya, soma! Kumi na tatu! Imeandikwa hapa, mfumo wa kumi na tatu. Huyo mtoto wa viatu vyeupe hajui kusoma."

Binti yao Ariane alikuwa mkekani, anahesabu rasta za mteja wa kesho. Alikuwa msusi, mzuri wa mikono, na wateja wake wote walimpata kwa simu. Akanyoosha mkono, akaichukua ile simu nyeusi, akabonyeza mahali ambapo baba yake hakupajua. Akaisoma mara mbili. Alimpenda baba yake.

"Papa, hiyo kumi na tatu wameiandika tu."

"Wameiandika vipi?"

"Wameibandika juu. Ndani ni ya sita. Simu ilikuwa ya zamani, wakaivika ganda jipya, wakaiandikia namba mpya ili mtu akitazama aone kumi na tatu. Apu haitazami palipoandikwa. Inatazama ndani."

Gratien akaanza tena kushona, na sindano ikamchoma kidole. Yeye, anayewacheka watu kwa kununua ngozi ya uongo! Spéciose aliona uso wake, akaenda kugeuza maharage ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

"Na yako wewe?" Gratien aliuliza baadaye, bila kumtazama binti.

Simu ya Ariane ilikuwa aibu kuitazama. Kioo kimepasuka kona hadi kona, kitufe cha pembeni kimeng'oka, imefungwa kwa mpira wa nywele. Aliachiwa na mteja aliyeshindwa kumlipa. "Yangu ni ya kumi na nne," Ariane alisema, na kwa mara ya kwanza maishani aliona haya kuwa na kitu kizuri kuliko cha mama yake.

* * *

Wiki ya kwanza ikapita. Kila asubuhi Spéciose alidamka saa kumi na nusu, akapanda basi la kwanza, akadeki, akaosha, akampelekea mkurugenzi chai. Kila asubuhi Arnaud akatazama tableti yake, akasema, "Mama, bado sikuoni. Tutarekebisha." Siku ya Alhamisi Spéciose alimwambia kwamba bomba la choo cha ghorofa ya tatu limelegea, linatoa maji kwa nyuma, litakuja kupasuka.

"Ripoti kwenye apu," Arnaud alijibu.

"Apu hainikubali, mwanangu. Nakuambia wewe kwa mdomo."

"Kwa mdomo haihesabiki, mama. Sistemu ndiyo inampigia fundi."

Wiki ya pili Gratien akafunga sanduku lake la viatu mapema, akashuka Nyabugogo. Wapagazi walimgonga magunia mabegani, akalipata duka, na muuzaji ni yule yule, Rutayisire, mnene, mwenye kucheka hata kabla hujasema.

"Bwana, umeniuzia simu ya uongo."

"Mzee wangu! Simu inaita ama haiiti?"

"Inaita."

"Tochi iko?"

"Tochi iko."

"Redio iko, laini mbili iko. Basi uongo iko wapi?"

"Mfumo. Uliniandikia kumi na tatu, kumbe ndani ni ya sita."

Rutayisire akawatazama wateja wengine kana kwamba anawaita wawe mashahidi, kisha akainamia kaunta. "Mzee, wewe uliniuliza mfumo? Sema kweli ya Mungu. Nilikuwekea redio, ukafurahi. Nikakuwashia tochi, ukafurahi. Ungeniuliza mfumo ningekupa simu ya mfumo, na bei yake ungekimbia."

Na kweli hakuuliza. Mwizi alikuwa na haki ya kumcheka, na watu pale dukani wakacheka naye, hata mwanamke mmoja aliyekuwa akinunua simu kama hiyo hiyo, nyeusi, pana, tochi inawaka mkononi mwake.

"Simu inayokubali hizo apu ni bei gani?" Gratien aliuliza.

Rutayisire akataja. Ilikuwa zaidi ya mshahara wa Spéciose wa mwezi mzima.

"Na hii naweza kukurudishia?"

"Hiyo mzee nitakupa bei ya betri tu."

Gratien akapanda basi la kurudi. Njia nzima alitazama viatu vya watu, kwa mazoea, na kila kiatu alichokitazama alikiona cha uongo.

* * *

"Mama, chukua yangu," Ariane alisema Jumapili, walipotoka misa.

"Na wateja wako?"

"Watapiga jioni."

Hawakupiga jioni. Mteja wa msusi akikukosa mara moja anampigia mwingine. Mji umejaa wasusi. Jumatano bi harusi mmoja na wasimamizi wake sita walimtafuta Ariane asubuhi nzima, na simu ikawa inatetemeka ndani ya aproni ya mama yake, kwenye vyoo vya Kacyiru, na Spéciose hakuthubutu kuitika kwa sababu Arnaud alikwisha sema atakayeongea na simu saa za kazi anakatwa. Ariane hakumlaumu. Alisema tu, "Walikuwa sita," akaenda kulala.

Lakini apu ilimkubali! Jumatatu ile ya wiki ya tatu, Spéciose alisimama mbele ya mlango wa vioo, akainua simu iliyopasuka, akauona uso wake umekatwa vipande vinne, akabonyeza. Ikatokea alama ya kijani. "Karibu, Spéciose. Umefika." Akajiona mjinga jinsi alivyofurahi. Mwanamke wa miaka arobaini na nane, mwenye kazi hiyo mwaka wa saba, anafurahi kuambiwa amefika na kitu kilichofungwa kwa mpira wa nywele.

Nyuma yake alisimama Xavérine. Huyu alikuwa mwenzake wa ghorofa ya pili, mjane, aliyependa kumsemesha kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni.

"Dada Spéciose, yangu pia iko nakataa. Tangu siku ya kwanza. Mimi naogopa kusema, Arnaud atanicheka."

"Wiki mbili zote hujasema?"

"Nitasema nini? Mimi iko na watoto watatu."

Spéciose hakufikiri hata kidogo. Kwao alikotoka jirani akiomba moto unampa kaa, akiomba chumvi unamega, akiomba simu unamwambia usiongee sana. Simu ni chombo cha nyumba, kama jembe au kinu. Akalitoa jina lake ndani ya apu, akaliingiza la Xavérine, akamshikia simu usawa wa uso. Kijani. "Karibu, Xavérine. Umefika." Wakacheka kama wasichana, wakashika ndoo zao.

Siku saba walifanya hivyo. Jumanne ya wiki ya nne Spéciose akainua simu, na maneno yakatoka mekundu. Kabla hajamaliza kuyasoma, Arnaud alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Ariane, unaitwa juu kwa mkurugenzi. Sasa hivi."

* * *

Mkurugenzi wa kampuni aliitwa Gisa, na ofisi yake ilikuwa ghorofa hiyo hiyo ya tatu yenye bomba lililolegea. Alikuwa na haraka, kwa maana saa nne wageni walikuwa wanakuja kuitazama apu. Wakiipenda, wataiweka kwenye majengo mengine kumi. Maua yalikuwa mezani. Spéciose ndiye aliyeyatia maji.

"Keti, mama."

Kabla hajaketi, Arnaud alichukua gazeti akalitandika juu ya kiti, maana aproni ilikuwa na maji. Spéciose akalitazama lile gazeti. Akabaki amesimama.

"Siku kumi na mbili hukufika," Gisa alisoma. "Halafu siku saba umefanya udanganyifu. Simu moja, nyuso mbili. Siku za udanganyifu zinahesabiwa utoro. Jumla kumi na tisa. Kontra haiwezi kuendelea, mama. Inaniuma, lakini ndivyo."

"Bosi, chai yako ya asubuhi anakuletea nani?"

"Wewe."

"Jana?"

"Wewe, mama."

"Ile Jumatatu ya kwanza kabisa, uliponiambia sukari imezidi, ulikuwa unamwambia nani?"

Gisa akavua miwani, akaifuta. Alikumbuka. Alikumbuka vizuri sana, hata ile sukari, na hapo ndipo pa kutapisha: mtu huyu hakuwa mbaya kupita wengine, alimjua mama huyu kwa jina na kwa sauti ya ndoo yake koridoni, na alikuwa anasoma karatasi inayosema hamjui.

"Mimi nakujua, mama," akasema kwa upole. "Mimi sina tatizo na wewe. Ni sistemu."

"Sistemu imeambiwa na nani?"

"Na simu yako. Simu yako ilikuwa ya mfumo wa zamani, ulipaswa kubadilisha. Badala yake ukachukua ya mtu, ukampa na mwingine."

"Aliniomba. Mtu akikuomba simu utamnyima?"

"Simu ni ya mtu binafsi," Arnaud akadakia. "Si jembe."

"Basi nikuulize, bosi, unisamehe. Ya kwako hiyo inatumia mfumo gani?"

Gisa akaichukua simu yake ya bei mbaya iliyokuwa kando ya maua. Akaigeuza nyuma, kana kwamba imeandikwa huko. Akaigeuza tena. "Hii ni... Arnaud, hii ni ya ngapi?"

Arnaud akaitaja namba. Aliitaja taratibu, akitazama viatu vyake.

"Kumbe na wewe hujui," Spéciose alisema.

"Lakini yangu inafungua, mama."

Siku hiyo nzima halikusemwa neno la kweli kuliko hilo, na aliyelisema hakulisikia.

Hapo ndipo harufu ilipoingia. Iliingia kwanza yenyewe, nzito, ya choo, ikapita juu ya maua. Kisha sauti ya maji koridoni. Arnaud akafungua mlango, akaruka nyuma, maana maji yalikuwa yamekwisha kufika kizingitini, ya rangi ya kahawia, na yalibeba vitu ambavyo kila mtu anavijua na hakuna anayetaka kuviona. Bomba la ghorofa ya tatu lilikuwa limepasuka, lile Spéciose alilolisema kwa mdomo, na kwa nguvu zake likapasua na bomba la uchafu. Kiatu kimoja cheupe kikaingia.

"Funga koki!" Gisa alipiga kelele. "Koki kubwa iko wapi?"

"Stoo!" Arnaud akajibu. "Nyuma ya rafu. Mama, ufunguo!"

Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja. Wa pili ulipotea mwaka jana, Arnaud mwenyewe aliupoteza, akasema watarekebisha. Spéciose aliuning'iniza shingoni kwa uzi, pamoja na rozari. Akauvua. Akaushika mkononi.

"Nitafungua," akasema. "Mtu mzima haachi nyumba ijae uchafu. Lakini kwanza bosi uniandikie. Si mengi. Spéciose Nyirahabimana alikuwepo kazini siku kumi na tisa. Utie saini. Nitafungua, nitadeki mpaka wageni waone nyuso zao sakafuni."

"Mama, si wakati wake!"

"Karatasi iko mbele yako. Kalamu iko."

Gisa alishika kalamu. Ni kweli, aliishika, na ncha ikagusa karatasi. Akafikiri: nikiandika huyu alikuwepo, nimeandika apu inadanganya, na saa nne nina wageni wa apu. Maji yakafika kwenye mguu wa meza. Akaiweka kalamu chini.

"Siwezi kuandika kitu nje ya sistemu," akasema. "Arnaud, ita askari. Vunjeni mlango."

"Bosi, mlango ule ni wa chuma, na bei yake..."

"Vunja!"

Spéciose akarudisha ufunguo shingoni. Mwaka wa saba, na hajawahi kuwaona wakikimbia hivyo kwa ajili ya kitu chochote. Kelele za nyundo zikaanza chini. Akatoka akishuka ngazi, akiinua sketi isiguse maji, na katikati ya ngazi akakutana na Xavérine anapanda, ndoo mbili mikononi.

"Wananiita nideki," Xavérine alinong'ona. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Wananiambia na mimi iko nje mwisho wa mwezi, lakini leo nideki kwanza. Dada, nifanye nini?"

Spéciose alitaka kumwambia weka ndoo chini, twende. Neno lilifika mdomoni. Akawaona watoto watatu, akalimeza. "Vaa glavu," akamwambia. "Ziko kwenye rafu ya juu, kama hawajaiangusha."

Nje, akasimama kwenye mlango wa vioo mpaka nyundo zikanyamaza. Gari la wageni lilikuwa limefika. Wakapita karibu naye, mmoja akamsalimia vizuri. Ndani, Gisa alikuwa amekwisha kushuka, amebadilisha soksi, amepuliza manukato ukumbi mzima. Vioo vilikuwa safi mno, havikuficha kitu. Akamwona Gisa anainua tableti, kidole kinaonyesha vijisanduku vya kijani. Wageni wakaitikia kwa vichwa, wakafurahi. Mmoja akashika pua, Gisa akacheka akasema jambo. Na nyuma yao, ngazini, Xavérine amepiga magoti kwenye ule uchafu, anauzoa kwa sinia la plastiki, na kwenye tableti hayupo.

Spéciose akatema mate. Mwanamke asiyewahi kutema mate barabarani katika mji huu unaofagiwa kila alfajiri, akatema kwenye maua ya pembeni, kisha akaona haya, akafukia kwa kiatu.

* * *

Nyumbani aliosha mikono mara tatu, sabuni ikapungua. Gratien alikuwa kwenye kiti chake, buti la mtu limeachama mapajani. Hakuuliza mpaka alipoona ametulia.

"Wamesemaje?"

"Wamesema sikuwepo."

Akaweka ufunguo mezani. Gratien akauchukua, akaupima mkononi kama kawaida yake. "Huu wa nini?"

"Wa mlango ambao haupo tena. Wameuvunja. Mlango wa chuma, baba Ariane, bei yake simu mbili tatu za huyo mwizi wako wa Nyabugogo. Niliomba karatasi moja."

Gratien akafungua mdomo, na kilichotoka si alichokusudia. "Ni mimi. Ningeuliza mfumo..."

"Nyamaza!" Spéciose alimkata, kwa ukali uliomshtua hata Ariane kule chumbani. "Usinitie kinyaa na wewe. Kinyaa cha leo kimenitosha. Miaka saba nadeki mavi yao, bosi ananywa chai yangu, na simu yake mwenyewe hajui ni ya ngapi. Hajui! Kaigeuza nyuma kama anatafuta bei. Halafu wewe uniambie ungeuliza mfumo?"

Ndege ikapita, bati likatetemeka, wakasubiri iishe. Ariane akatoka na simu yake iliyopasuka, akaifuta kwa pindo la kanga kwa sababu ilikuwa inanuka Kacyiru. Akaitoa ile apu mbele yao. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Halafu akaanza kuwapigia wateja wake mmoja mmoja, na wa kwanza hakupokea, na wa pili alisema amekwisha kusukwa.

Walikula. Walilala. Hakuna aliyekumbuka kuizima kengele ya kuamsha ya ile simu nyeusi.

Saa kumi na nusu alfajiri ikalia. Ililia kama ilivyolia miezi yote tangu Krismasi, kwa ile sauti iliyomfurahisha Gratien dukani, na tochi yake ikiwakawaka juu ya meza, ukutani, kwenye ufunguo. Haijawahi kukosea hata siku moja. Si ilimwamsha siku zote kumi na tisa?

Gratien akakurupuka, akajikwaa kwenye sanduku la viatu, akaenda mbio kuizima, anaapiza, anaona aibu.

"Iache," Spéciose alisema gizani.

"Majirani wamelala, mama Ariane."

"Iache, nakwambia. Wasikie kwamba nimeamka."

Gratien akasimama pale na mkono wake hewani. Simu ikaendelea kulia, mpaka jirani akagonga ukuta.